Namna ya Kupima Hoja kwa Mantiki ya Alama

Wanafunzi wengi wanaoanza kusoma mantiki hupewa orodha ya makosa ya hoja, kila kosa na jina lake, nao huikariri wakidhani kwamba wamemaliza kazi. Siku wanapokutana na hoja mbovu isiyomo kwenye orodha huipitisha, na siku wanapokutana na hoja nzuri inayofanana kwa sura na kosa walilokariri huikataa. Mwongozo huu unashika njia nyingine, kwa kuwa makosa yote ya umbo katika mantiki ya alama, yaani mantiki inayoandika kauli kwa herufi na ishara, yanagunduliwa kwa swali moja: je, kuna hali yoyote, hata ya kufikirika tu, ambamo kauli tangulizi zote (zile zinazotolewa kama sababu) ni za kweli na hitimisho (kauli inayodaiwa kufuata) ni la uongo? Hali hiyo ikiwepo, hoja si halali. Isipokuwepo, hoja ni halali, hata kama hatupendi inakotupeleka.

Uhalali na ukweli ni mambo mawili

Kuiita hoja halali ni kusema jambo kuhusu uhusiano uliopo kati ya kauli tangulizi na hitimisho, wala si kuhusu ukweli wa kauli zenyewe. Tazama hoja hii: nyangumi wote ni samaki, samaki wote wana magamba, kwa hiyo nyangumi wote wana magamba. Kauli zote tatu ni za uongo, maana nyangumi ni mamalia, na kambare ni samaki asiye na gamba hata moja. Hata hivyo hoja ni halali, kwa sababu kama kauli mbili za kwanza zingekuwa za kweli, ya tatu isingeweza kukwepa kuwa ya kweli.

Sasa tazama nyingine: Dodoma iko Tanzania, Nairobi iko Kenya, kwa hiyo Kampala iko Uganda. Kila kauli hapa ni ya kweli, lakini hoja si halali, kwa kuwa kauli mbili za kwanza hazina uwezo wa kuilazimisha ya tatu. Mtu aliyeelewa vizuri mifano hii miwili ameshavuka kizuizi kikubwa kuliko vyote vilivyobaki. Hoja iliyo halali na ambayo kauli zake tangulizi ni za kweli tutaiita hoja thabiti, na hiyo peke yake ndiyo inayotupa haki ya kuliamini hitimisho kwa nguvu ya hoja yenyewe.

Wazo la kupima umbo na kuyaacha maudhui kando ni la kale. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alichunguza hoja zinazojengwa kwa "wote" na "baadhi", na karne moja baadaye Chrysippus akachunguza zile zinazounganisha sentensi nzima kwa "ikiwa" na "au". Alama zilikuja baadaye sana: George Boole alichapisha aljebra yake ya mantiki mwaka 1847 na kuipanua mwaka 1854, naye Gottlob Frege akaunda mwaka 1879 mfumo wa kwanza uliounganisha njia zote mbili. Jedwali la ukweli tutakalolitumia hapa, linaloorodhesha kila mchanganyiko wa kweli na uongo wa kauli, lilienea kuanzia mwaka 1921 kupitia kazi za Ludwig Wittgenstein na Emil Post, kila mmoja akifanya kazi yake peke yake.

Kuihamisha hoja kutoka sentensi hadi alama

Hatua ya kwanza ni kuipa kila kauli sahili, yaani isiyogawanyika kuwa kauli ndogo zaidi, herufi yake, na kuhakikisha kwamba herufi moja inashika maana ileile tangu mwanzo hadi mwisho wa hoja. Hatua ya pili ni kuziunganisha herufi hizo kwa alama tano: ¬ kwa "si", ∧ kwa "na", ∨ kwa "au", → kwa "ikiwa… basi", na ↔ kwa "ikiwa, na ikiwa tu". Katika kauli ya umbo P → Q, tutaiita P sharti na Q tokeo.

Hatua hii huonekana nyepesi, lakini hoja nyingi huharibikia hapa kabla hata ya kupimwa. Neno dogo "tu" ni mfano mzuri. Mtu akisema, "Mwananchi anapiga kura ikiwa amejiandikisha", ameandika J → P, yaani kujiandikisha kunatosha. Akisema, "Mwananchi anapiga kura ikiwa tu amejiandikisha", mshale umegeuka na kuwa P → J: aliyepiga kura lazima awe amejiandikisha, lakini aliyejiandikisha anaweza kubaki nyumbani siku ya uchaguzi. Vivyo hivyo, "Huingii isipokuwa una kitambulisho" huandikwa I → T, nayo haimwahidi mwenye kitambulisho kwamba ataingia.

Ukanushaji nao unataka uangalifu. Sentensi "Wanafunzi wote hawakufaulu" husikika mitaani kwa maana mbili: kwamba hakuna aliyefaulu, au kwamba si wote waliofaulu. Ya kwanza ni kauli nzito zaidi kuliko ya pili, na mwandishi wa hoja hana ruhusa ya kuanza na nyepesi katika kauli tangulizi kisha akamalizia na nzito katika hitimisho. Mwulize msemaji anakusudia ipi, kisha uandike hiyo.

Kuna pia sentensi ambazo mshale → hauwezi kuzibeba, na ni afadhali kulikubali hilo mapema. "Ungewahi, ungemkuta" si kauli ya mshale huu, kwa kuwa ukweli wa sentensi zenye -nge- hautegemei tu kama sehemu zake ni za kweli au za uongo. Sehemu zote mbili zinajulikana kuwa za uongo, ilhali bado tunabishana kama sentensi nzima ni ya kweli. Anayezilazimisha sentensi hizo ziingie kwenye jedwali atapata majibu ya ajabu na kuilaumu mantiki bure.

Jedwali la ukweli na mtoto mwenye homa

Kauli P → Q inahesabiwa kuwa ya uongo katika hali moja tu: sharti likiwa la kweli na tokeo likiwa la uongo. Wanafunzi husumbuliwa na hali mbili ambazo sharti ni la uongo, wakiuliza kwa nini kauli ihesabiwe kuwa ya kweli humo. Fikiria mzazi aliyesema, "Ukifaulu, nitakununulia baiskeli." Mtoto akifeli, mzazi hawezi kuitwa mwongo, awe amenunua baiskeli au hakununua. Ahadi huvunjika tu pale mtoto anapofaulu na baiskeli isipatikane.

Sasa tuchukue hoja ambayo imewahi kugharimu dawa nyingi na muda wa wagonjwa wengi. Ikiwa mtoto ana malaria, basi ana homa. Mtoto huyu ana homa. Kwa hiyo ana malaria. Tuandike M kwa "ana malaria" na H kwa "ana homa", K kwa kweli na U kwa uongo.

M | H | M → H
K | K | K
K | U | U
U | K | K
U | U | K

Tafuta mistari ambayo kauli tangulizi zote mbili, yaani M → H na H, ni za kweli. Ipo miwili, wa kwanza na wa tatu. Katika wa kwanza hitimisho M ni la kweli, lakini katika wa tatu ni la uongo: mtoto ana homa na hana malaria. Mstari huo mmoja unatosha kuibatilisha hoja, wala hauhitaji msaada wa mistari mingine. Kosa hili linaitwa kuthibitisha tokeo, ingawa anayeujua mstari wa tatu anaweza kuliacha jina. Mstari wenyewe una watu halisi ndani yake: ni watoto wenye nimonia, wenye maambukizi ya njia ya mkojo, na wenye magonjwa mengine yanayoleta joto la mwili.

Kwa miaka mingi, katika maeneo ya Afrika yenye malaria nyingi, mtoto wa chini ya miaka 5 aliyefikishwa zahanati akiwa na homa alipewa dawa ya malaria bila kupimwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria, wa umri wowote, apimwe kwanza kwa darubini au kwa kipimo cha haraka. Si haki kusema kwamba utaratibu wa zamani ulikuwa upumbavu. Ulikuwa uamuzi wa kupima hatari: vipimo vilikuwa haba, malaria ilikuwa nyingi, na kuchelewesha dawa kulikuwa kunaua. Uamuzi wa namna hiyo hutegemea uwezekano, nao hubadilika uwezekano unapobadilika. Kosa la kimantiki hutokea pale mtu anapoutamka uwezekano huo kana kwamba ni hitimisho la lazima.

Tugeuze hoja. Ikiwa mtoto ana malaria, kipimo kitaonyesha, kipimo hakikuonyesha, kwa hiyo hana malaria. Ukichora jedwali utaona kwamba mstari pekee ambao kauli tangulizi zote ni za kweli ni wa nne, na humo hitimisho nalo ni la kweli. Hoja ni halali, na umbo lake tutaliita kukanusha tokeo. Je, ni thabiti? Hilo ni swali jingine kabisa, na mwenye kulijibu ni mtaalamu wa maabara. Kipimo cha haraka kinaweza kukosa vimelea vikiwa vichache sana, na baadhi ya vimelea vimepoteza jeni ya protini ya HRP2 ambayo vipimo vingi huitafuta. Tofauti hii ina faida kubwa katika mabishano: kasoro ya umbo hurekebishwa kwa kalamu, ilhali kauli tangulizi ya uongo hurekebishwa kwa ushahidi, na anayechanganya hizo mbili hubishana na mtu asiyehusika.

Ndugu wa kosa la kwanza ni kukanusha sharti. Ikiwa saini imeghushiwa, mkataba ni batili, saini haikughushiwa, kwa hiyo mkataba si batili. Mstari wa tatu unaivunja hoja hii pia, kwa kuwa mkataba unaweza kuwa batili kwa sababu nyingine, kwa mfano kwa kuwa unahusu jambo linalokatazwa na sheria. Kumbe makosa haya mawili yanavunjwa na hali ileile, sharti la uongo na tokeo la kweli.

Msomaji anayedhani kwamba mambo haya ni mepesi mno ajaribu zoezi alilolibuni Peter Wason katika miaka ya 1960. Kuna kadi nne mezani, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili, na zinazoonekana ni A, K, 4 na 7. Kanuni inasema: ikiwa upande mmoja una irabu, upande wa pili una namba shufwa. Ni kadi zipi ni lazima zigeuzwe ili kujua kama kanuni imevunjwa? Watu wengi huchagua A peke yake, au A na 4. Jibu sahihi ni A na 7. Kadi ya 4 haiwezi kuivunja kanuni, liwe nini upande wake wa pili, ilhali 7 yenye irabu nyuma yake ingeivunja papo hapo. Anayeigeuza 4 anatafuta uthibitisho. Anayeigeuza 7 anautafuta mstari unaovunja.

"Au" na machaguo yaliyosahaulika

Nyumba iko gizani, na mtu anasema: ama Luku (umeme wa kulipia kabla) imeisha, ama umeme umekatika mtaa mzima. Akikagua mita na kukuta uniti zipo, ana haki ya kuhitimisha kwamba umeme umekatika mtaani. Tukiandika L kwa "Luku imeisha" na K kwa "umeme umekatika mtaani", L ∨ K pamoja na ¬L hulazimisha K. Akikuta uniti zimeisha, hana haki ya kuhitimisha kwamba mtaani umeme upo, kwa sababu alama ∨ inaruhusu yote mawili yatokee pamoja. Kama msemaji alikusudia kwamba mawili hayo hayawezi kutokea kwa wakati mmoja, basi ni wajibu wake kuliandika hilo kama kauli tangulizi ya ziada, ¬(L ∧ K), na kuitetea.

Hoja ya kwanza, ijapokuwa ni halali, inaweza kuanguka kwa njia nyingine: pengine swichi kubwa ya nyumbani imejizima. Hapo umbo halina lawama, ila kauli ya kwanza ilitaja machaguo mawili wakati yapo matatu. Wanasiasa hulipenda sana kosa hili, nalo jedwali haliwezi kulikamata. Vivyo hivyo jedwali haliikamati hoja inayozunguka, maana "P, kwa hiyo P" ni halali bila shaka yoyote, ijapokuwa haimfikishi mtu popote.

Hoja ndefu: anza kutoka mwisho

Jedwali lenye herufi 2 lina mistari 4, lenye herufi 5 lina mistari 32, na lenye herufi 10 lina mistari 1,024. Hakuna mwenye akili timamu atakayechora jedwali la mwisho kwa mkono. Badala yake tunaanza kwa kudhani kwamba mstari unaovunja upo, kisha tunaufuata kinyumenyume tuone kama unaweza kusimama.

Chukua hoja ya mkaguzi wa hesabu. Ikiwa mzigo ulitoka bandarini, ushuru ulilipwa. Ikiwa ushuru ulilipwa, risiti ipo. Ikiwa risiti ipo, iko kwa mhasibu au iko kwa wakala. Haiko kwa mhasibu. Kwa hiyo mzigo haukutoka bandarini. Tuandike B kwa "mzigo ulitoka bandarini", U kwa "ushuru ulilipwa", R kwa "risiti ipo", H kwa "iko kwa mhasibu" na W kwa "iko kwa wakala".

1. B → U
2. U → R
3. R → (H ∨ W)
4. ¬H
Hitimisho: ¬B

Tulifanye hitimisho liwe la uongo, yaani B iwe ya kweli, huku tukizitaka kauli zote nne zibaki za kweli. Kwa kauli ya 1, U lazima iwe ya kweli. Kwa ya 2, R nayo. Kwa ya 3, ama H ama W ni ya kweli. Kwa ya 4, H ni ya uongo. Kwa hiyo W iwe ya kweli, na hapo hakuna mgongano wowote. Hoja si halali, na hali inayoivunja tumeipata kwa jina: mzigo umetoka, ushuru umelipwa, na risiti iko mkononi mwa wakala.

Hii ndiyo sababu naipendelea njia hii kuliko orodha ya makosa. Haimwambii mkaguzi kwamba amekosea tu, bali inamwonyesha pengo lilipo na mtu wa kumwuliza. Akienda kwa wakala na kukuta hana risiti, ataongeza kauli ya 5, ¬W. Tukirudia jaribio, H ∨ W inatakiwa iwe ya kweli wakati H na W zote ni za uongo, jambo lisilowezekana. Mstari unaovunja haupo, na hoja imekuwa halali. Inaweza pia kuthibitishwa hatua kwa hatua: kutoka 4 na 5 tunapata ¬(H ∨ W), hiyo pamoja na 3 inatupa ¬R, ¬R pamoja na 2 inatupa ¬U, na ¬U pamoja na 1 inatupa ¬B. Kila hatua baada ya ile ya kwanza ni kukanusha tokeo. Hata hivyo mkaguzi asifunge jalada bado, kwa kuwa kauli ya 1 inadhani kwamba hakuna mzigo unaotoka kwa magendo.

Tahadhari mbili zinafaa kuwekwa hapa. Mtu akishindwa kupata uthibitisho wa hatua kwa hatua, hajaonyesha kwamba hoja si halali. Pengine hakutafuta vya kutosha. Anayedai kwamba hoja si halali anadaiwa hali inayoivunja. Tena, hoja ikivunjika, hitimisho lake halijawa la uongo kwa sababu hiyo: yule mtoto mwenye homa anaweza kuwa na malaria kweli, na mzigo unaweza kuwa haukutoka kweli. Kilichoanguka ni sababu iliyotolewa.

Kila na kuna

Herufi za sentensi nzima hazitoshi kwa kila hoja. "Watu wote hufa, Sokrate ni mtu, kwa hiyo Sokrate hufa" ikiandikwa kwa herufi tatu tofauti, P, Q na R, itaonekana si halali, ilhali ni halali. Inatubidi tuingie ndani ya sentensi kwa alama ∀, inayosomwa "kila", na ∃, inayosomwa "kuna angalau mmoja".

Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yakachukuliwa kuwa dalili. Hoja iliyo chini ya tuhuma hiyo ni: wachawi wote wana macho mekundu; bibi huyu ana macho mekundu; kwa hiyo ni mchawi. Tuandike Mx kwa "x ni mchawi", Nx kwa "x ana macho mekundu", na a kwa bibi huyu. Kwa alama: ∀x(Mx → Nx), Na, kwa hiyo Ma. Watu wengi huipinga kwa kuikana kauli ya kwanza, na hiyo ni sawa. Lakini hata mtu anayeamini uchawi na kuikubali kauli hiyo yote hana haki ya kufika kwenye hitimisho, kwa kuwa kauli inasema kuhusu wachawi wote na haisemi lolote kuhusu wote wenye macho mekundu. Bibi aliyepikia kuni au samadi kavu kwa miaka mingi katika jiko lisilopitisha moshi anayapata macho hayo bila mganga wala uchawi. Hapa mantiki inaweza kumfikia hata yule ambaye elimu ya sayansi haijambadilisha imani, maana inamwomba akubali umbo la hoja peke yake.

Kosa jingine linalojificha vizuri ni kubadilisha mpangilio wa alama. Kila basi x lina dereva y: ∀x∃y. Haifuati kwamba kuna dereva mmoja anayeendesha mabasi yote: ∃y∀x. Katika mfano wa basi kila mtu analiona kosa mara moja. Katika sentensi kama "kila tukio lina chanzo, kwa hiyo kuna chanzo kimoja cha matukio yote", wasomi wamewahi kuliacha lipite. Hitimisho hilo linaweza kutetewa kwa njia nyingine, ila si kwa hatua hiyo.

Kwa hoja za namna hii hakuna jedwali la kumalizia kila kitu; Alonzo Church na Alan Turing walionyesha mwaka 1936, kila mmoja kwa njia yake, kwamba hakuna utaratibu wa kimakanika unaoweza kuamua uhalali wa kila hoja yenye ∀ na ∃. Tunachoweza kufanya ni kujenga ulimwengu mdogo wa kufikirika na kuijaribu hoja humo, tukianza na ulimwengu wenye kitu kimoja, kisha wenye viwili. Mabasi mawili na madereva wawili, kila mmoja na basi lake, yanatosha kuivunja hoja ya dereva. Na bibi mmoja mwenye macho mekundu, katika ulimwengu usio na mchawi yeyote, anatosha kuivunja ile nyingine, kwa kuwa ∀x(Mx → Nx) ni ya kweli humo bila kuwepo hata M mmoja.